Hatukufanya Mazoezi ya Magoti

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita, sikulaumu. Maandazi nayo yana haki yake. Ngoja nikurudishe njiani upesi.

Mimi ni Modesta. Mume wangu, Revocatus, alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo, akakaa nyumbani anasikiliza redio. Wanajumuiya wakanishauri nimwombee afanikiwe. Nikamwombea novena baada ya novena, na Mungu si mchoyo, akamfungulia biashara ya sangara. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Revocatus akapanda pikapu, na kwenye kiti cha mbele cha pikapu hiyo akapanda mwanamke mwingine. Kumbe kile kiti nilisahau kukiombea.

Siku moja nikatoka sokoni, nikakuta nguo zangu kwenye kiroba nje ya mlango, na mlango una kufuli jipya. Binti yetu Odeta, wa darasa la tano, alibaki ndani. Nikabeba kiroba changu mpaka Buhongwa kwa kaka yangu Shimba. Wiki iliyopita mimi nawe tuliachana pale jirani wa zamani wa Pasiansi aliponiletea habari kwamba Odeta haendi shule tena. Kutwa nzima ana mtoto wa yule mwanamke mgongoni.

Hapo nikaacha kumwombea Revocatus, nikaanza kutafuta sheria.

Sheria niliikuta ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa, na wanawake kulalamika nako kukapata ofisi yake. Nilikuta benchi refu limejaa akina mama. Yule wa mwisho akasogea nikae.

"Wako amekwenda kwa nani?" akaniuliza, kama tunaulizana bei ya dagaa.

"Simjui. Nimeona kisogo chake tu, ndani ya gari."

"Una bahati. Wangu amekwenda kwa mdogo wangu."

Nikaanza kucheka, nikashtuka machozi yanashuka. Kwa kaka yangu sikuwahi kulia. Yule mama akanishika mkono, akaniacha nilie mpaka basi, na hakunifungulia mdomo kuniambia nivumilie. Tangu nifukuzwe alikuwa mtu wa kwanza kutoniambia nivumilie. Nilimpenda papo hapo, na mpaka leo nampenda.

Mwanasheria wa pale alikuwa dada Akinyi, Mjaluo wa Mara aliyekulia kota za reli. Alikuwa mwembamba, anasema haraka, na kiatu chake kilisikika kabla hajafika.

"Dada Modesta, mahakama haikusikilizi kwanza. Unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linaandika hati kwamba limeshindwa. Na hati hiyo ndiyo tunayofungulia kesi."

"Kwa hiyo niende nikashinde?"

"Hapana. Uende lishindwe."

"Na mtoto wangu?"

"Odeta yumo humo humo. Hakimu ndiye atakayesema akae na nani, na hakimu hamjui Odeta mpaka faili lifunguliwe. Bila hati, hakuna faili."

"Basi twende wote huko barazani."

"Mwanasheria haingii. Utaingia mwenyewe, mimi nitakusubiri nje. Mwenyekiti wa kata yenu huko Buhongwa ni nani?"

"Mzee Chenge."

Benchi zima likaguna.

Mzee Chenge, karani mstaafu wa pamba, hakuwahi kushindwa. Ndoa zote zilizofika mezani kwake zilipatana, na alijisifu kwa hilo kwenye misiba na kwenye harusi. Mmoja wa wale akina mama alikuwa ameshapatanishwa naye mara tatu. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, ana bandeji kichwani.

Dada Akinyi hakutishika. Akafunga mlango, tukaanza mazoezi. Yeye akawa Revocatus.

"Mke wangu mpenzi," akasema kwa sauti nzito.

"Abee!"

"Hapana! Usiitike. Akikuita mke, nyamaza. Tena."

Tukarudia. Nikafundishwa nisilie, maana watasema bado nampenda. Nikafundishwa nisicheke, maana watasema ni mambo madogo. Nisimtukane, nisimtazame machoni, nisiguse pua wala ncha ya kanga. Wale akina mama wakawa wazee wa baraza, wakanihoji wakali kuliko wazee wenyewe. Nilipoondoka pale mdomo ulikuwa umekaa sawa, macho yamekauka, na mikono imetulia mapajani. Nilijiona askari.

Ilibaki kumpata mtu wa kunisindikiza, maana mwanamke haendi barazani bila mtu wa kwao. Nikamwomba Shimba.

Hapa lazima nikueleze jambo. Ng'ombe wa mahari yangu hawakuzoea zizi la baba. Walipita tu, wakaenda kumwoa Bernadeta, mke wa Shimba. Ndoa yangu ikivunjika na Revocatus akadai ng'ombe wake, Shimba atawatoa wapi? Kwa hiyo Mwanza nzima hakuna mtu aliyeipenda ndoa yangu kama kaka yangu. Aliipenda kuliko mimi, na kuliko Revocatus.

"Nitakusindikiza, dada," akasema. "Na nitakuwa nasali."

Sikumwuliza anasalia nini.

Baraza lilikaa asubuhi. Mezani palikuwa na jagi la maji na glasi moja, vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee Chenge alikaa katikati, kushoto kwake wazee wawili, kulia kwake mama Getruda wa kanisani, aliyekuwa mzee kuliko wote na kiuno kinamsumbua. Nikapiga magoti nikawasalimia wazee inavyopasa. Revocatus nikampita wima. Watu wote waliona, na nilitaka waone.

"Kalibuni," akasema Mzee Chenge. "Hapa kwangu ndoa inaingia inachechemea, inatoka inatembea. Mayu, mama yangu, shida ni nini?"

"Nataka talaka."

"Halaka halaka ya nini? Tuanze mwanzo."

"Mwanzo alinifungia mlango, mzee. Mwisho nataka talaka."

Mama Getruda akaguna. Revocatus akakunja nne. Alikuwa na shati jipya na saa ya kung'aa, na hata marashi hayakuweza kuua ile harufu ya samaki.

"Mimi nampenda mke wangu," akasema. "Aliondoka mwenyewe."

"Na kufuli lilijifunga lenyewe?"

"Mke wangu, tafadhali."

Nikanyamaza. Dada Akinyi angenisifu.

"Wazee," nikasema, "ndani ya nyumba ile kuna mwanamke."

Mzee Chenge akainua kiganja. "Mtu asiyekuwepo hatumsemi. Hili ni baraza, si kijiwe cha umbeya. Wewe na mumeo tu."

Basi tukawa mimi na mume wangu tu. Akabembeleza, nikasema talaka. Akaahidi kitenge, nikasema talaka. Shimba akasimama, akaeleza kwamba ukoo wetu haujui neno hilo. Nikalitaja tena ili ukoo ulizoee.

Mzee Chenge akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa koti, akaiweka mezani. Alionekana amezeeka ghafla, na nitakuambia kweli, nilimwonea huruma. Akavuta karatasi. Akachukua kalamu, akaitazama.

"Miaka yote hii," akasema polepole. "Basi. Baraza litaandika kwamba..."

Revocatus akapaliwa.

Mpaka leo sijui kama kikohozi kile kilikuwa cha kweli. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, akajipiga kifua, saa ikalia.

"Mpeni maji!" akasema Mzee Chenge.

Wanaume wakalitazama jagi, nalo likawatazama. Mama Getruda akashika kiuno. Nikainuka mimi. Hata kukumbuka kwamba nimeinuka sikumbuki. Nikafunua kitambaa, nikamimina, nikavuka chumba, na mbele ya Revocatus magoti yakashuka yenyewe, yote mawili, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama mama alivyonifunza nikiwa sijaota meno ya mbele.

"Karibu maji," nikasema.

Revocatus akapokea glasi. Kikohozi kilikuwa kimepona. Akanywa taratibu, mpaka tone la mwisho, nami niko chini namsubiri amalize, maana ndivyo inavyotakiwa. Akanirudishia glasi.

"Asante, mama Odeta."

Mama Getruda akapiga kigelegele. Shimba akapiga makofi mpaka kiti kikamtoka. Mzee Chenge akavaa miwani yake, na miaka yote aliyokuwa amezeeka ikarudi ilikotoka.

"Mzee, hapana!" nikaruka. "Ni mazoea tu! Hata mgeni ningempa hivyo!"

"Ndoa yangu mimi na mama watoto nayo ni mazoea, mayu. Ina miaka arobaini."

"Lakini nimesema talaka!"

"Mdomo umesema talaka. Goti limesema nini? Baraza litaandika la goti."

Akaandika. WAMEPATANA, kwa herufi kubwa, akapigia mstari chini.

Nje dada Akinyi alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alisimama aliponiona.

"Vigelegele vya nini? Umefanya nini?"

"Nimempa maji."

"Kwani maji yana nini?"

"Kwa magoti."

Dada Akinyi akakaa tena juu ya jiwe. "Kwetu kota tulikuwa tunapeana maji wima," akasema. "Tena wengine wanarushiana kopo. Mdomo tumefundisha, macho tumefundisha. Mungu wangu, magoti!"

Nikalia. Sheria za mazoezi zilikuwa zimekwisha, nikalia kwa raha zangu. Sikumlilia Revocatus. Nilimlilia Odeta, maana niliona faili lake limefungwa kabla halijafunguliwa, na aliyelifunga ni mimi, kwa adabu yangu mwenyewe.

Mzee Chenge akatoka na karatasi yake mkononi.

"Haya, Revocatus, mpakie mkeo mwende nyumbani."

Nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Revocatus akajikuna shingo.

"Mzee, kwa leo labda arudi kwanza kwa shemeji. Akachukue vitu vyake."

"Vitu vitafuata."

"Nyumba yenyewe haijafagiliwa."

"Mwenye nyumba si huyu hapa? Atafagia."

"Mzee, nilikuwa naona kama wiki ijayo..."

Dada Akinyi akainua kichwa. Akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwa ile kasi yake: "Nenda. Nenda sasa hivi. Hawezi kukuingiza, si mwenzako yuko ndani? Akikufukuza mbele ya mwenyekiti, mwenyekiti ndiye shahidi wetu. Itabidi aandike ameshindwa."

Nikapangusa machozi. Nikamwendea mume wangu, safari hii kwa magoti yaliyonyooka.

"Twende nyumbani, baba Odeta."

"Ehee!" akasema Mzee Chenge. "Na mimi nakwenda. Ndoa niliyoipatanisha siiachi njiani, nitakula ugali wa kwanza hapo hapo."

"Mzee usijisumbue," akasema Revocatus. "Njia mbovu sana."

"Mimi nimesafiri juu ya marobota ya pamba mpaka Shinyanga. Utaniambia nini kuhusu njia mbovu?"

Jasho likamtoka Revocatus, likaharibu shati jipya. Nilidhani anamwogopa yule mwanamke wake, na nilifurahi. Dada Akinyi akabaki, alikuwa na mama mwingine wa kumsindikiza mchana huo. Shimba naye akabaki, akasema anakwenda kumpa Bernadeta habari njema. Mzee Chenge akakaa kile kiti cha mbele. Mimi nikapanda nyuma na matenga ya samaki, na kwa mara ya kwanza tangu nifukuzwe niliona mpango wangu unakwenda vizuri.

Tulipofika Pasiansi, Odeta alikuwa uani anafua nepi. Mtoto yuko mgongoni, amelala, kichwa kimeinama upande. Odeta alikuwa amekonda. Nywele zake, nilizokuwa nazisuka kila Jumamosi, zilikuwa zimesokotana. Aliniona nashuka, akasimama na nepi mkononi inachuruzika.

"Mama," akasema. Hakukimbia. Aliogopa kumwamsha mtoto.

Nikamkumbatia yeye na mzigo wake. "Shule vipi, mwanangu?"

"Mama mdogo amesema nitarudi mtoto akishatembea."

"Na anatambaa?"

"Bado hajakaa."

Nikageuka kumtafuta Revocatus nimwambie mbele ya shahidi yale yote niliyokatazwa kumwambia. Alikuwa bado ndani ya pikapu. Ameshika usukani na injini imezimwa.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka msichana mrefu, kanga kifuani, mwiko mkononi. Hapo ndipo nilipoona uso wake mara ya kwanza. Hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mwenyekiti wa baraza, na mwiko ukaanguka.

"Shikamoo baba," akasema. Kisha, kwa sababu alilelewa vizuri, akaongeza: "Mama hajambo nyumbani?"

Mzee Chenge hakuitikia marahaba.

"Hellen," akasema. "Wewe si uko kwa masista, unasomea ushonaji?"

"Nilisoma, baba."

"Na mtoto huyu?"

Hellen akainama kuokota mwiko. Odeta wangu, asiyeelewa lolote, aliona mzee anataka kumwona mtoto, akageuka taratibu kumpa mgongo ili amwone vizuri. Mtoto alikuwa na paji la uso pana, la kikaranikarani. Hata kipofu angemjua babu yake.

Revocatus akashuka sasa. "Mzee, nilikuwa niko mbioni kuja nyumbani kujitambulisha. Hata mshenga nimeshampata."

Mzee Chenge akamtazama kwa namna ambayo nilidhani atampiga, na nikajisogeza ili nione vizuri. Hakumpiga. Akamfungua mjukuu wake kutoka mgongo wa mwanangu, akambeba, akazunguka naye uani. Alipomaliza alimkabidhi Hellen, akaniita pembeni kwenye kichanja cha vyombo.

"Mayu," akasema kwa sauti ya chini, "sisi ni binadamu. Baraza nalo linaweza kukosea."

"Linaweza, mzee."

"Lile goti huenda lilikuwa mazoea tu."

"Ndivyo nilivyosema, mzee."

Akatoa karatasi ya WAMEPATANA, akaikunjua, akaiangalia kwa uchungu wa kweli. "Sijawahi kushindwa. Lakini leo nitaandika nimeshindwa. Hapa hapa, kwa mkono wangu. Mhuri ninao mfukoni. Kesho unafungua kesi yako."

Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nilijua kwa nini anafanya hivyo, sikuwa mjinga. Nikishaachika mimi, Hellen wake ataolewa kwa heshima, na jina la mzee litapona. Haki ilikuwa imenijia kwa mlango wa nyuma, na kwa mlango huo huo nilikuwa tayari kuipokea.

"Asante, baba," nikasema. "Mungu akubariki."

"Ila kuna neno moja." Akageuza karatasi upande wa nyuma, akailaza juu ya sufuria iliyofudikizwa. "Hellen wangu hajawahi kulea. Yule binti yako ana mkono mzuri, na mjukuu wangu amemzoea. Nitaandika pia kwamba wewe mama umeridhia abaki hapa kwa baba yake. Hakimu akisoma kwamba mama mwenyewe ameridhia, hatauliza zaidi. Wewe talaka yako, mimi amani yangu."

"Na nikikataa?"

"Basi mmepatana, mayu. Karatasi ninayo, na mashahidi wanne."

Nikasikia gauni langu linavutwa kwa nyuma. Odeta alikuwa amesimama pale, mgongo wake mtupu umelowa jasho na mkojo wa mtoto wa watu.

"Mama," akauliza, "tunaondoka sasa hivi?"

Mzee Chenge alikuwa ameshafungua kalamu, ananisubiri.